Makazi ya Wazee: Watu Wangapi kwa Ekari, na Huduma Gani Karibu Nao?

Ukurasa wa maswali ya wasomaji, pamoja na majibu ya mtaalamu wetu wa mipango miji

Tumepokea barua nyingi kuhusu nyumba za wazee wanaohitaji msaada wa kila siku bila ya kuhitaji kulazwa hospitalini. Tumechagua nne. Ya kwanza imejibiwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake yamo maswali ambayo wengine waliuliza kwa vipande.

SWALI: Sisi ni kamati ya usharika mmoja mjini Korogwe, mkoani Tanga. Tumepewa kiwanja cha ekari 2 pembezoni mwa mji, nasi tunakusudia kujenga makazi ya wazee wapatao 40 ambao bado wanajimudu kwa mengi, lakini wanahitaji mtu wa kuwasaidia kuoga, kuwapikia au kuwakumbusha dawa. Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema kila mzee apewe nyumba yake ndogo yenye bustani, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kijijini. Wapo wanaosema tujenge jengo la ghorofa lenye vyumba 40 kwenye ukumbi mrefu, ili wahudumu wasitembee mbali na ardhi ibaki kwa matumizi mengine. Ni watu wangapi wanaofaa kukaa katika ekari moja, na tuwawekee huduma zipi?

JIBU: Ndugu zangu wa Korogwe, kila upande wa kamati yenu umeona jambo la kweli, na hesabu ndogo itaonyesha mahali unapokwama.

Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo kiwanja chenu kina takribani 8,090. Mkiondoa robo kwa ajili ya njia, mfumo wa maji taka na nafasi ya wazi, mtabakiwa na kama 6,000, ambazo zikikatwa vipande vya mita za mraba 400 zitatoa nyumba 15 tu. Wazee 25 watakuwa wamekosa mahali kabla hata msingi haujachimbwa. Na hao 15 watakaobahatika hawatakuwa wamepata kijiji. Kiwanja cha ekari 2, kikiwa mraba, kina upande wa mita 90 hivi, na kutoka kwenye kona hadi katikati, ambako bila shaka mtaweka jiko na chumba cha kulia, ni zaidi ya mita 60. Mzee anayekwenda na kurudi mara tatu kwa siku atakuwa ametembea karibu mita 400 kwa mkongojo, kwenye jua la saa saba na kwenye tope la masika. Mwezi wa kwanza ataenda. Mwezi wa pili chakula kitaanza kupelekwa kwake kwenye hotipoti, na tangu hapo hatakuwa na sababu ya kutoka. Usiku nao, mhudumu mmoja mwenye tochi atalazimika kupita milango 15 ili ajue kama kuna aliyeanguka.

Sasa ghorofa. Anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kupanda ngazi, na mteremko unaokubalika ni wa kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, tena huo ni ukomo wa ukali, wala si kiwango cha starehe. Ili kupanda mita 3 za ghorofa moja mtahitaji mteremko wa mita 36, bila kuhesabu sehemu bapa za kupumzikia. Mkiamua kuweka lifti, mtahitaji umeme usiokatika, jenereta ya akiba na fundi ambaye huenda akasafiri kutoka mbali kila inapokwama. Ardhi mnayo, fundi wa lifti hamna. Zaidi ya hayo, ukumbi mrefu wenye milango 40 inayofanana humfanya mzee aliyeanza kusahau apotee hatua chache kutoka kitandani kwake, na maradhi ya kuambukiza yakiingia kupitia mtu mmoja hupita mlango kwa mlango, kama ilivyoonekana katika nyumba kubwa za wazee za Ulaya na Marekani wakati wa korona mwaka 2020.

Ninachowashauri ni kupunguza ukubwa wa kundi na kuzisogeza nyumba karibu. Jengeni nyumba 5 za chini, kila moja ya watu 8. Idadi hii ina mantiki yake. Watu 8 hula meza moja, chakula chao hupikwa katika sufuria moja kwenye jiko la nyumba hiyo hiyo, na kila mmoja hujua leo nani hajatoka chumbani. Wenzetu wa mbali wamefikia idadi za jirani na hiyo baada ya kuchoshwa na majengo makubwa: nyumba za mfumo wa Green House, zilizoanza mjini Tupelo, Mississippi, mwaka 2003, huchukua watu 10 hadi 12 kila moja, na kijiji cha Hogeweyk huko Weesp, Uholanzi, kilichofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya wazee wenye maradhi ya kusahau, kina nyumba za watu 6 au 7. Denmark ilikwisha kuacha kujenga nyumba za wazee za mtindo wa wodi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Sisemi muige majengo yao, ambayo yana gharama za kwao. Nasema kwamba hata wenye fedha waliona kuwa ukubwa wa kundi una uzito kuliko ukubwa wa jengo.

Tuipime kwa futi kamba. Chumba cha mita za mraba 16, pamoja na bafu na choo chake cha mita za mraba 4.5, mara 8, ni 164. Ongezeni 60 za sebule, meza ya chakula na jiko, na nyingine 75 hivi za njia za ndani, stoo na kibaraza, mtafika 300 kwa nyumba moja. Nyumba 5 ni 1,500. Wekeni jengo la pamoja la mita za mraba 300 kwa ajili ya kufulia, chumba cha muuguzi anayekuja kwa zamu, ofisi na ukumbi mdogo, nanyi mtakuwa mmefunika mita za mraba 1,800, yaani asilimia 22 ya kiwanja. Hapo mna wazee 20 kwa ekari, wote wakilala chini, na zaidi ya robo tatu ya ardhi iko wazi. Mkibanwa mnaweza kufika 25. Nikiletewa mchoro wa watu 30 kwa ekari bila ghorofa ningeurudisha, kwa sababu kitakachokuwa kimeliwa ni nyua, miti na nafasi ya maji taka, navyo ndivyo vinavyofanya msongamano uvumilike.

Maji taka yasiachiwe siku ya mwisho. Wazee 40 pamoja na wahudumu, kufua na kupika, watatumia lita 4,000 kwa siku bila shida, na maji hayo yote lazima yaende mahali. Chagueni upande wa chini wa kiwanja kwa ajili ya karo na mashimo ya kunyonya, umbali usiopungua mita 30 kutoka kisima chochote, kikiwemo cha jirani. Kwa maji safi, tangi la lita 5,000 linalowekwa kwa mazoea litawatosha siku moja tu. Wekeni akiba ya siku tatu.

Kuhusu mpangilio, zipangeni nyumba kuzunguka nyua mbili, milango ikitazamana. Jicho la mtu mwenye kuona vizuri hutambua sura ya mwenzake hadi kama mita 20 au 25, hivyo ua usipite upana huo: aliyekaa kibarazani kwake amtambue anayepita upande wa pili na kumwita kwa jina. Upana huo huo ndio unaomwezesha mhudumu wa usiku kuangalia nyumba mbili au tatu bila kuwa msafiri. Milango ya nyumba ipakwe rangi tofauti, na mbele ya kila mmoja pawe na kitu chake, hata kama ni mti wa mlimao au benchi la rangi ya buluu, kwani mzee anayesahau namba bado hukumbuka mlimao.

Nikija kwenye huduma, kamati nyingi huanza na ukumbi wa mikutano na mnara wa tangi, kisha bafu huachiwa fundi. Fanyeni kinyume. Bafuni ndiko watu huanguka, na mzee akivunjika nyonga mara nyingi harudi kuwa yule aliyekuwa. Sakafu isiteleze hata ikiwa na sabuni, na isiwe na kizingiti. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 90, ufunguke kwa nje au utelezeshwe kando, ili aliyeanguka nyuma yake asiuzuie. Ndani pawe na duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti cha magurudumu. Choo kiwe cha kukaa, chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48, na ukutani pawe na vishikio vya chuma vilivyofungwa kwenye ukuta wa tofali, kwa sababu kishikio kinachong'oka ni kibaya kuliko kutokuwa na kishikio. Ninajua kwamba wengi wa wazee wenu wamezoea choo cha kuchuchumaa na kwamba wengine watahitaji maji ya kutawadha mkononi: wekeni bomba la chini upande wa mkono unaofaa, na muwaulize wenyewe kabla hamjanunua chochote.

Mwanga nao husahauliwa. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi tu ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo taa inayomtosha fundi wenu haimtoshi bibi. Taa ya njia ya kwenda chooni iwake usiku kucha. Ikiwa ya sola ndogo, gharama yake ni kidogo sana.

Njia ya kutembea iwe mzunguko unaorudi ulikoanzia, ya saruji isiyong'aa, yenye kivuli, na kila baada ya mita 50 pawe na benchi lenye mgongo na mikono, kwani benchi lisilo na mikono ni rahisi kulikalia na gumu kulinyanyukia. Nyumba za waungwana wa Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe zilijengwa na baraza ya mawe mbele ya mlango, iliyo ya mwenye nyumba na ya mpita njia kwa wakati mmoja. Mtu alikaa hapo akacheza bao, akanywa kahawa chungu, akajua nani kasafiri na nani kazaliwa, wala hakulazimika kumkaribisha yeyote ndani. Wekeni baraza kama hiyo kwenye ukuta wa mbele wa makazi yenu, sehemu ikiwa ndani ya geti na sehemu ikiwa barabarani, chini ya paa moja. Ni huduma ya bei nafuu kuliko zote nilizotaja, na nisingekubali iondolewe hata bajeti ikibana.

Hilo linanifikisha kwenye mahali penyewe. Makazi kadhaa ya wazee wasiojiweza tuliyoyarithi Tanzania, kama Bukumbi mkoani Mwanza na Sukamahela mkoani Singida, yana historia ya kuhudumia watu wenye ukoma, na mahali pa aina hiyo palichaguliwa enzi hizo kwa nia ya kuwatenga wagonjwa na wengine. Leo hakuna sababu ya kuendelea kuchora ramani kwa nia hiyo, lakini ardhi ya bure huwa mbali, na kamati hushawishika. Kabla ya kuanza, tembeeni kwa miguu kutoka kiwanjani kwenu hadi zahanati, dukani, kanisani, msikitini na kituo cha daladala. Ikiwa safari yoyote kati ya hizo inazidi mita 400 au inavuka barabara kuu isiyo na kivuko, ulizeni kama inawezekana kubadilishana kiwanja na kingine kidogo kilicho ndani zaidi ya mji. Ekari moja na nusu karibu na soko ni bora kuliko ekari mbili karibu na shamba la mkonge. Mkibadilishana, watu wenu 40 watakuwa 27 kwa ekari, yaani mmevuka kidogo kiwango changu cha juu, lakini ule ukumbi mdogo wa jengo la pamoja hautahitajika, kwa kuwa mji wenyewe utafanya kazi ya ukumbi.

Kwa sababu hiyo hiyo msijenge zahanati yenu. Zahanati inadai usajili, mganga na dawa, na itawatenga na majirani. Chumba kimoja cha muuguzi chenye sinki, kitanda na kabati la kufungwa kinatosha, na anayehitaji zaidi apelekwe kwenye kituo cha afya au hospitali ambako kuna dirisha la wazee. Kama mna fedha za jengo la ziada, fikirieni chekechea itakayotumiwa na mtaa. Huko Singapore, jengo la Kampung Admiralty limeweka nyumba 104 za wazee, kituo cha matibabu, soko la chakula na kituo cha kulelea watoto katika eneo la hekta 0.9 tu, na huduma za chini hutumiwa na wakazi wa mtaa mzima. Wao walilazimika kupanda juu kwa uhaba wa ardhi, wakawa na lifti zinazofanya kazi. Kinachotuhusu sisi ni mpango wa kuwafanya majirani waingie kila siku kwa shughuli zao wenyewe, wala si kwa kuja kutoa misaada siku ya sikukuu na kupiga picha.

Nendeni mapema kwa afisa mipango miji na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, kabla ya kumlipa mchoraji, ili mjue kama matumizi ya kiwanja yanahitaji kubadilishwa na masharti ya usajili wa makazi ni yapi.

SWALI: Mama yangu ana miaka 74 na anaishi ghorofa ya nne Michenzani, Unguja. Magoti hayamruhusu kushuka ngazi ila kwa kushikwa, na kuna wiki hashuki kabisa. Ndugu wanataka tumjengee nyumba ya chini Tunguu, penye hewa na nafasi. Yeye hataki. Je, msongamano wa Michenzani si ndio unaomuumiza?

JIBU: Dada yangu, kinachomuumiza mama ni ngazi. Msongamano huenda ndio unaomweka hai.

Majengo ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 katika mpango wa Mzee Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kwa kizazi kilichokuwa na magoti mapya. Hayana lifti. Lakini chini yake kuna maduka, eneo la biashara la Darajani haliko mbali, hospitali ya Mnazi Mmoja inafikika, na majirani wa ngazi moja wamejuana kwa miongo. Mkimpeleka Tunguu mtampa bustani, kisha mtamwondolea kila mtu anayemgongea mlango. Atakuwa na nyumba nzuri na dereva wa kumsubiri.

Jaribuni kwanza kubadilishana. Katika kila jengo kuna familia changa iliyoko ghorofa ya chini ambayo ingekubali kupanda juu kwa nyongeza ya fedha au kwa chumba kikubwa zaidi, na makubaliano hayo yapitishwe kwa mamlaka inayosimamia nyumba hizo ili yasije yakageuka kesi baada ya miaka. Ikishindikana, ombeni reli ya kushika pande zote mbili za ngazi, kiti cha kukunja kwenye kila sehemu ya kupumzikia, na taa. Lifti ya kuambatishwa nje ya jengo ni jambo linalowezekana kiufundi: katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki majengo mengi ya aina hiyo yamefanyiwa ukarabati wa namna hiyo, na mjini Leinefelde baadhi yake yalipunguzwa hata idadi ya ghorofa. Hilo, hata hivyo, ni kazi ya serikali na halitafanywa na familia moja.

Ningependa pia wapangaji wa Zanzibar walione jambo hili kwa upana. Serikali ina makazi ya wazee ya Sebleni na Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba, na tangu Aprili 2016 ina Pencheni Jamii kwa kila aliyefikisha miaka 70. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini wazee walio wengi hawako Sebleni. Wako katika nyumba za kawaida, zikiwemo za ghorofa, na kila mradi mpya wa nyumba za ghorofa ungeweza kutenga nyumba za chini kwa ajili yao kwa sharti moja tu la kibali cha ujenzi.

SWALI: Sisi ni wakazi wa mtaa wa nyumba za familia moja moja jijini Mombasa. Mwekezaji anataka kugeuza ploti mbili zilizoungana ziwe makao ya wazee 24. Tunahofia magari, ambulensi za usiku na kujaa kwa maji taka. Tunayo haki ya kupinga?

JIBU: Mnayo haki ya kusikilizwa. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2019, anayeomba kubadilisha matumizi ya ploti hutakiwa kuutangazia umma ombi lake, nanyi mnaweza kupeleka maoni yenu kwa maandishi kwa serikali ya kaunti. Kumbukeni tu kwamba Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kwa hiyo pingamizi linalosema tu kwamba hamtaki wazee mtaani halitawapa sifa mbele ya mtu yeyote.

Hofu ya magari, kwa kweli, ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Wazee 24 wa aina hii hawaendeshi. Watakaokuja ni wahudumu wa zamu, ambao wengi hupanda matatu, gari la mboga, na wageni wa Jumapili. Familia nne zenye magari mawili kila moja zingewasumbua zaidi, tena kila asubuhi. Maji taka ndiyo hoja ya haki. Mtaa uliojengwa kwa karo za familia haubebi watu 24 pamoja na mashine za kufulia, hivyo daini kuona hesabu ya mhandisi na mahali maji yatakapokwenda. Daini pia sehemu ya ambulensi kugeukia ndani ya ploti badala ya njiani, na jenereta iliyofungiwa mbali na vyumba vya majirani. Nami ningeongeza dai ambalo hamkulitaja: ukuta wa mbele usiwe mrefu kiasi cha kuwaficha wakazi. Mkiwa mmeshakubali waishi kwenu, afadhali muwaone.

SWALI: Assalaam aleikum. Naandika kutoka Maskati. Mimi na ndugu zangu tuna kiwanja Bagamoyo, na tunataka kujenga nyumba itakayowalea wazee wetu wawili pamoja na wazee wengine wachache watakaolipa. Tumefikiria wazee 6, kwa utulivu. Tumeshauriwa tuweke bwawa la kuogelea na chumba cha mazoezi. Je, mradi utajiendesha?

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa watu 6 hautajiendesha, na sababu yake haiko kwenye jengo. Iko kwenye saa.

Wiki ina saa 168. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi. Ili awepo mhudumu mmoja macho, usiku na mchana, mnahitaji waajiriwa wasiopungua wanne, na mkihesabu likizo ya siku 28 kwa mwaka, ugonjwa na misiba, ni watano. Mishahara mitano ikigawanywa kwa wazee 6 ni mzigo mzito kwa kila mmoja. Ikigawanywa kwa 12 inakuwa nusu, na hata mkiongeza mhudumu wa asubuhi, wakati wa kuogesha, na mpishi, mzigo wa kila mmoja bado utakuwa mdogo kuliko ule wa watu 6. Mtaona basi kwamba utulivu wa watu 6 utawagharimu wahudumu: mtaanza kumlaza mmoja hapo hapo, afanye kazi mchana na kuamka usiku, na baada ya miezi michache ama ataondoka ama atakuwa mkali kwa wazee.

Jengeni nyumba mbili za watu 6 zinazopakana kwa kibaraza kimoja, zenye jiko moja katikati. Kila nyumba ibaki na utulivu wake, na mhudumu wa usiku akae kwenye kiungo. Ikiwa mtaji hautoshi, jengeni ya kwanza na muache mabomba na msingi wa ya pili tayari, lakini mpange ada tangu mwanzo mkijua kwamba miaka ya kwanza ninyi ndugu mtakuwa mnaziba pengo kutoka huko.

Bwawa liondoeni. Linahitaji mlinzi, dawa na uzio, na wazee wenu hawatalitumia. Fedha zake zitoshe tangi la pili, vishikio vya bafuni, paa pana la kukinga jua la mchana na jua la jioni, na njia ya saruji kutoka getini hadi barabarani ambako bajaji inasimama. Chumba cha mazoezi kinaweza kuwa kibaraza chenyewe kikiwa na reli ya kushika ukutani, kwa sababu mazoezi yanayomsaidia mzee zaidi, yaani kunyanyuka kitini mara kadhaa na kusimama kwa mguu mmoja akiwa ameshika kitu, hayahitaji mashine. Na kabla ya kuchora chochote, mkija likizo, wapelekeni wazee wenu wawili kiwanjani mchana mkawaulize wangependa mlango utazame wapi.